Kuacha Kazi na Kutaka Kuirudia

Mazungumzo yaliyotolewa Samburu mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa kwa ombi la vikundi vyenyewe, pamoja na maswali machache yaliyoulizwa.

  

Mara iliyopita tulizungumza juu ya mbuzi wa maziwa, na najua wengi mngependa tuendelee na mbuzi. Tutawarudia. Leo vikundi viwili vimeniomba niseme juu ya jambo ambalo halina chanjo wala dawa ya kuogesha, lakini linakausha sanduku la kikundi upesi kushinda ukame. Ni habari ya mwanachama aliyeacha kazi ya mshahara kwa hiari yake, mahali penye chama cha wafanyakazi, kisha baada ya miezi michache anataka arudishwe.

Mnajua wenyewe kwamba hapa kwetu mshahara mmoja wa Diani, wa viwanda vya Mariakani au wa bandarini unalisha nyumba tatu. Mvua zilipokosa kuanzia 2020 hadi 2022 na ng'ombe wakafa, nani aliyenunua unga? Tena tazameni vitabu vyenu vya mikopo. Anayepewa mkopo mkubwa ni yule anayeweza kuonyesha karatasi ya mshahara. Basi siku anapoacha kazi, hakuacha peke yake. Wadhamini wake nao wameacha, ila wao hawajui.

Nitawapa kisa cha mtu mmoja. Jina lake silitaji, wala hoteli siitaji, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa nikieleze. Tumwite kijana, ingawa ana watoto wanne.

Kijana huyu alifanya kazi miaka 9 katika jikoni la hoteli moja ya Diani. Aliingia kama kibarua wa kuosha vyombo, akaandikwa, akapanda mpaka akawa msaidizi wa mpishi. Pale kuna yunioni, na kila mwezi alikatwa ada yake. Lakini mkutano wa yunioni hakuhudhuria hata mmoja. Alikuwa akisema ada ile ni kodi kama kodi nyingine.

Siku moja, wakati wa wageni wengi, msimamizi wake alimtukana mbele ya wenzake kwa ajili ya supu iliyochelewa. Wiki hiyo hiyo alikuwa amenyimwa ruhusa ya kuja nyumbani kumwona baba yake mgonjwa. Usiku akachukua daftari ya mtoto, akararua karatasi, akaandika mistari minne: mimi fulani naacha kazi kuanzia leo, sitaki kuulizwa, asanteni. Asubuhi akaiweka mezani kwa karani, akapanda gari. Alifika hapa kama shujaa. Mimi nilikuwako alipowaeleza wenzake pale chini ya mwembe, na watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wake ulikuwa pikipiki. Malipo ya kwanza ya pikipiki yalitoka kwa mkopo wa kikundi, mengine alipe kila siku. Kwa miezi mitano alilipa, akaugua malaria wiki mbili, akachelewa, wenye pikipiki wakaja wakaichukua. Baba alikuwa bado mgonjwa. Karo ilikuwa bado.

Akarudi Diani. Askari wa getini, mtu aliyekula naye miaka 9, akamfungulia kitabu cha wageni aandike jina, nambari ya kitambulisho na sababu ya kuja. Aliniambia hapo ndipo alipoelewa kwamba ameacha kazi. Alikwenda mara tatu, mara tatu hakupita getini. Mara ya nne alikutana na broka pale Ukunda aliyesema anamjua meneja, akamwachia shilingi 15,000, na broka hakuonekana tena. Jamani, pesa hizo nazo zilikuwa za kukopa.

Ndipo alipokuja ofisini kwangu pamoja na mama yake. Mama akasema, "Mwanangu amefutwa kazi, msaidie." Kijana alitazama chini. Nami sikumwuliza nione barua. Niliandika kwa katibu wa tawi la yunioni kwamba mwanachama wake amefutwa bila kusikilizwa, nikaweka na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kile kinachosema mwajiri lazima akueleze kosa lako na akusikilize, ukiwa na mwakilishi wa yunioni au mfanyakazi mwenzako. Nilijiona hodari sana.

Katibu akatafuta siku, tukaenda sisi watatu. Meneja wa wafanyakazi alitusikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akafungua faili akatoa karatasi ya daftari. Nyuma yake kulikuwa na hesabu za mtoto, 7 mara 8, na alama ya vema ya mwalimu.

Katibu hakusema neno mle ndani. Njiani tukirudi stendi ya Ukunda akaniambia taratibu, "Mama, mimi nina kesi tatu za watu waliofutwa kweli. Nikirudi na hizo mbele ya yule bwana, ataniamini vipi?"

Kosa hilo ni langu kuliko la kijana. Yeye alikuwa na njaa, mimi nilikuwa na kalamu. Kwa hivyo tangu siku ile, mtu akija kwangu kusema anataka kurudi kazini, swali langu la kwanza ni moja tu: ulitokaje? Na la pili: karatasi iko wapi?

Maana milango haifanani. Aliyefutwa ana mlango wake. Kama hakuelezwa sababu, au hakusikilizwa, anaweza kwenda kwa ofisa wa leba katika miezi 3. Yunioni nayo inaweza kuupeleka mgogoro wa kufutwa kwake kwa Waziri katika siku 90, au zaidi ikiwa Waziri ameikubali sababu ya kuchelewa, na Waziri anateua mpatanishi. Wasipopatana, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo pia inakaa Mombasa. Mahakama hiyo inaweza kuamuru arudishwe kazini kama hajapitisha miaka 3 tangu kufutwa, au apewe kazi nyingine inayofanana, au alipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12.

Lakini hata huyu asidhani kwamba kurudishwa ni jambo la kawaida. Sheria inamwambia hakimu atazame kwanza kama inawezekana watu hawa wawili kufanya kazi pamoja tena. Mnakumbuka mwaka 2012 Kenya Airways walipunguza wafanyakazi zaidi ya 400. Mwezi wa Desemba mwaka huo mahakama ya kazi iliamuru warudishwe, watu wakashangilia. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaiondoa amri hiyo ya kurudishwa. Hao walikuwa hawakuandika barua yoyote ya kuacha, na walikuwa na yunioni iliyopigana mpaka juu.

Sasa yule aliyeandika mwenyewe? Mahakama zetu zimeeleza kwamba kuacha kazi ni uamuzi wa mfanyakazi peke yake. Haungoji mwajiri akubali. Ukishamfikishia barua, huwezi kuivuta bila yeye kuridhika. Ndiyo sababu nasema barua ya kuacha ni karatasi nzito, hata ikiwa ya daftari.

Kuna nafasi moja ambayo watu wengi hawaitumii. Anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi ya maandishi ya siku 28, na mkataba wa pamoja kati ya yunioni na mwajiri, ule mnaousikia ukiitwa CBA, unaweza kutaka zaidi. Katika siku hizo za notisi wewe bado ni mfanyakazi. Unaingia getini, unakula pale, mwakilishi wa yunioni bado ni wako. Mtu akijuta siku ya tatu, au ya kumi, aende na mwakilishi wake kwa meneja, na aandike barua fupi: naomba kuiondoa barua yangu ya tarehe fulani. Meneja anaweza kukataa. Lakini hajamwajiri mtu mwingine bado, na kumfundisha mgeni kunamgharimu, kwa hivyo mara nyingine hukubali. Kijana wetu hakuwa na siku hizo 28 kwa sababu aliandika "kuanzia leo". Tena alikatwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, akashangaa, kumbe notisi inamfunga mfanyakazi kama inavyomfunga mwajiri.

Mbaya zaidi ni yule asiyeandika hata hiyo mistari minne, anayekaa tu nyumbani akisema watanitafuta. Huyo atafutwa kwa kutoroka kazi, na faili lake litasema hivyo.

Nirudi kwa kijana. Tulipokuwa tumekwisha aibika, katibu wa yunioni alifanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Aliketi naye akamwuliza siku za likizo alizokuwa hajachukua. Zilikuwa 11. Kijana alidhani kwamba aliyeacha mwenyewe amepoteza kila kitu. Sivyo. Siku ulizofanyia kazi lazima zilipwe. Likizo uliyokwisha ichuma, sheria ikiwa inakupa siku 21 kwa mwaka, nayo ilipwe. Michango yako ya NSSF ni yako. Kama kuna mfuko wa akiba wa pale kazini, utalipwa kwa masharti yake. Na cheti cha utumishi ni haki ya kila aliyefanya kazi zaidi ya wiki nne, hata kama mliachana kwa ugomvi: kinaonyesha ulianza lini, ulifanya kazi gani, ulimaliza lini. Mwajiri halazimiki kukusifu, lakini cheti lazima akupe. Kijana hakuwa amekichukua, na bila cheti miaka yake 9 ilikuwa maneno ya mdomo.

Angalieni pia karatasi ya mwisho, inayosema nimepokea haki zangu zote na sina dai lingine. Isomeni kabla ya kutia sahihi. Asiyejua kusoma aombe kwenda nayo kwa mwakilishi. Mahakama huichukua karatasi hiyo kama makubaliano, labda uonyeshe ulidanganywa au ulilazimishwa.

Sasa nafika mahali ambapo kikundi chetu kiligombana. Nafasi ya kijana jikoni ilikuwa imeshachukuliwa na binti mmoja kutoka upande wa Msambweni. Binti huyo alikuwa amefanya kazi ya msimu miaka 6, akiitwa wageni wakija, akiachwa mvua za masika zikianza na wageni wakiondoka. Miaka 6 anangoja nafasi ya kuandikwa. Yunioni ndiyo iliyokuwa ikidai kwamba nafasi ikipatikana, wa msimu wa muda mrefu afikiriwe kwanza.

Katika kamati, mtu mmoja alisimama akasema, "Huyo binti si wa kwetu. Twende kwa chifu, twende kwa mheshimiwa, atolewe, mtoto wetu arudi." Na wengine waliitikia. Nisiwafiche, mama wa kijana alikuwa ameketi pale na hali yake ilikuwa ya kusikitisha, na ilikuwa vigumu kusema kinyume.

Mimi nilisema kinyume. Ikiwa miaka ya kijana wetu ilikuwa na thamani, miaka ya yule binti ina thamani gani? Papa Leo wa 13 aliandika barua yake juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, na Papa Yohane Paulo wa Pili akaandika yake mwaka 1981. Wote wawili waliunga mkono wafanyakazi kuungana katika vyama vyao. Kuungana kule kuna maana gani, kama leo yunioni inanilinda mimi na kesho naiomba imtupe mwenzangu nje? Mnalijua fumbo la wale vibarua wa shamba la mizabibu, katika Matayo sura ya 20. Tunapenda sana yule wa saa kumi na moja aliyelipwa sawa na wa asubuhi. Lakini tajiri yule hakumfukuza wa asubuhi ili amwingize wa jioni. Nilipomaliza, wawili walitoka nje. Mmoja hajanisalimia vizuri mpaka leo. Basi.

Tulichofanya ni hiki. Kijana aliandika barua mpya, safari hii kwa mkono wake na kwa ukweli. Alisema aliacha kwa hasira na bila notisi, na kwamba alikosa. Hakumtaja msimamizi. Aliomba afikiriwe kwa nafasi yoyote ya jikoni itakayotokea, hata ya msimu. Akaambatisha nakala ya cheti cha utumishi. Yunioni haikuwa na haki ya kudai arudishwe, na katibu alimwambia hivyo wazi, lakini alikubali kuipeleka barua kwa mkono wake na kusema neno. Hiyo ilikuwa mwezi wa Agosti. Septemba kimya. Oktoba kimya. Mama yake alikuja kwangu akisema barua imetupwa. Mwishoni mwa Novemba, wageni wa Krismasi wakikaribia, akapigiwa simu: mkataba wa miezi mitatu.

Alirudi kama mgeni. Nambari ya kazi mpya, siku za likizo zinaanza kuhesabiwa upya, na yule binti ndiye anayemwonyesha kazi. Mshahara ni wa kuanzia. Lakini hapa yunioni ilimfaa tena, maana mkataba wa pamoja ulioandikishwa mahakamani unamhusu kila mfanyakazi wa ngazi hizo, awe wa zamani au wa jana, na mwajiri hawezi kumlipa chini ya kiwango kilichowekwa kwa ngazi yake. Kwa hivyo anayerudi asikubali kuambiwa, "Wewe uliacha, chukua hiki kidogo." Aulize mkataba unasema nini kwa wa msimu na wa kudumu. Na aulize kwa maandishi kama miaka yake ya zamani itahesabiwa. Mara nyingi haihesabiwi, lakini ni bora ujue kabla ya kutia sahihi kuliko kugundua siku ya kiinua mgongo.

Neno moja kwa mwenye hasira sasa hivi, na najua kuna wawili au watatu hapa. Yale mambo mawili yaliyomtoa kijana, matusi na kunyimwa ruhusa, yote mawili yalikuwa malalamiko ya yunioni. Mwakilishi wa wafanyakazi yuko pale kwa ajili hiyo hasa. Ada aliyoilipa miaka 9 ilikuwa ni ya siku ile moja, na siku ile hakuitumia. Kikundi nacho kinaweza kusaidia. Mwanachama akisema anaacha kazi, msimpigie makofi kama tulivyofanya sisi. Mwulizeni kama amezungumza na mwakilishi wake, na mwiteni na mdhamini wake aketi hapo.

MASWALI

Mzee mmoja: Mbona baba zetu waliacha kazi Mombasa wote kwa pamoja, na wakarudi?

Ahsante, mzee. Unasema juu ya Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 walipolala chini, bandari na reli zikasimama, na mikutano ikawa inafanywa kwenye kiwanja walichokiita Kiembeni. Chege Kibachia alikuwa kiongozi wao mkubwa. Baada ya siku kama 12 walirudi, Eliud Mathu alipokuja kuzungumza nao, na serikali ikaweka baraza la kuchunguza mishahara, ambayo iliongezwa. Lakini mzee, wale hawakuacha kazi. Waligoma. Anayegoma anasema kazi hii ni yangu ila masharti siyataki. Anayeandika barua ya kuacha anasema kazi hii si yangu tena. Leo sheria inataka notisi ya siku 7 kabla ya mgomo, na mgomo uliofuata sheria, mwajiri haruhusiwi kumfuta mtu kwa kuushiriki.

Mama mmoja: Binti yangu aliandika barua ya kuacha, lakini ni kwa sababu mkubwa wake alikuwa akimtaka kimapenzi. Naye pia amefunga mlango?

Hapana, mama, na nimefurahi umeuliza mbele ya watu. Kuna mtu anayeandika barua mwenyewe lakini ukweli ni kwamba amesukumwa nje. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyohusu kampuni ya Coca-Cola, ilieleza jinsi ya kumtambua mtu huyo: mwajiri awe amevunja jambo la msingi katika mkataba, mfanyakazi awe ameondoka kwa sababu hiyo hiyo, na asiwe amekaa muda mrefu akionyesha amekubali. Akithibitisha hayo, anahesabiwa kama aliyefutwa. Mzigo wa kuthibitisha ni wake, kwa hivyo tarehe, ujumbe wa simu, na aliyemweleza wakati ule, vyote viandikwe sasa. Sheria ya Ajira inakataza jambo hilo waziwazi, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na maandishi ya kulizuia. Na kumtaka mtu hivyo kwa kutumia cheo kunaweza kuwa jinai pia chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006. Kurudi pale si lazima kwake. Anaweza kudai fidia bila kutaka kazi. Nikuone baadaye, tusizungumze zaidi hapa.

Kijana mmoja: Mimi nilikuwa kwenye mgodi wa Base Titanium mpaka ulipofungwa. Je, kuna kurudi?

Kuchimba kulikwisha Desemba 2024, mchanga wenye madini ulipokwisha. Wewe hukuacha wala hukufutwa kwa kosa, kazi yenyewe ndiyo iliyokwisha. Aliyepunguzwa hivyo ana haki ya notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Hakikisha ulipata. Kurudi pale hakuna, na usikae ukingoja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988, na wako watu waliokaa miaka wakisikiliza kama king'ora kitalia.

Mwanakikundi wa kike: Wakati wa Korona tuliambiwa likizo bila malipo. Mume wangu alichoka kungoja akaandika barua. Wenzake wameitwa, yeye hakuitwa.

Nawajua wengine wawili waliofanya hivyo mwaka 2020, ili wapate pesa zao za akiba. Aliyekuwa likizoni bila malipo alibaki mfanyakazi, hata akiwa hana senti. Mumeo afanye kama yule kijana: cheti, barua ya kweli, na apitie kwa yunioni kabla ya msimu kuanza, si baada. Na broka asipewe hata shilingi kumi.

Mweka hazina wa kikundi kimoja: Mkopo wa yule kijana, mlimsamehe?

Hatukumsamehe. Wadhamini walilipa miezi mitano, wakinung'unika, na mmoja aliuza beberu. Tangu Januari anawarudishia 1,500 kila mwezi, na mwezi ambao hayuko kazini analeta makaa au anachimba shimo la choo la mdhamini, inahesabiwa. Tuliandika makubaliano hayo, na yeye akatia sahihi baada ya kuyasoma mara mbili.

Haya, mwenyekiti, naona wingu upande wa Kinango, na wenzetu wa Taru wana safari.